Maswali ya Wasomaji: Majeruhi Anayevuja Damu

Toleo lililopita lilikuwa na ukurasa mmoja tu kuhusu huduma kwa majeruhi, na barua zilizofuata karibu zote zimeuliza kuhusu damu. Tumejibu saba. Vipimo vya dawa tulivyotaja ni kwa watoa huduma waliofunzwa. Kukandamiza, kujaza na kufunga jeraha ni kazi ya yeyote aliye karibu.

Swali: Salaam wahariri. Mimi ni dereva wa masafa marefu. Zamani tulifundishwa kwamba ukifunga kamba mguu unaovuja damu, mguu huo utakatwa. Mafunzo ya juzi yanasema tufunge. Tushike lipi?

Jibu: Ndugu dereva, shika la juzi, lakini kwa utaratibu wake. Kwanza kandamiza. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, tumia viganja viwili na uzito wa mwili, mikono ikiwa imenyooka, na usifunue kila dakika kuchungulia. Kama jeraha ni la kina na liko kwenye paja, kinena, kwapa au bega, kulifunika kwa juu hakutoshi. Sindilia shashi ya kufungia vidonda mpaka ifike chini kabisa, pale damu inapochimbuka, jaza mpaka ijae, kisha kandamiza dakika 10 bila kuachia. Shashi iliyotiwa dawa ya kugandisha damu, kwa mfano ya kaolini au kitosani, huhitaji dakika 3 hivi. Usijaze shashi kwenye jeraha la kifua wala la tumbo. Huko damu inatoka mahali ambapo vidole vyako havifiki.

Damu ya mkono au mguu ikiruka kwa mapigo, au ikiendelea kumwagika licha ya kukandamizwa, funga turniketi, yaani mkanda wenye kijiti cha kusokota. Uweke sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, kamwe si kwenye goti lenyewe wala kiwiko. Wengi hukosea hapa: wanaacha mkanda umelegea, halafu wanategemea kijiti kifanye kazi yote. Vuta mkanda kwanza mpaka kidole kisipite chini yake, ndipo usokote. Sokota mpaka damu ikome na mapigo ya chini ya mkanda yasisikike. Majeruhi ataumia sana na atakusihi ulegeze. Usilegeze.

Turniketi iliyobana nusunusu ni hatari kuliko kutokuwa nayo. Inaziba mishipa ya vena inayorudisha damu moyoni, huku ateri, zenye msukumo mkubwa, zikiendelea kuleta damu. Damu inakosa pa kurudi, jeraha linamwaga zaidi. Ukiona hivyo, kaza zaidi, au ongeza turniketi ya pili kando ya ile ya kwanza, upande wa kuelekea moyoni.

Mkanda wa suruali haufai sana. Ni mgumu, hausokoteki, na ukiuachia kidogo unateleza. Waya na kamba nyembamba hukata ngozi na neva. Ukikosa kifaa, chukua kitambaa kipana kama sentimita 5, kifunge fundo, weka kijiti imara juu yake, funga tena, sokota, kisha kifunge kijiti kisijirudie.

Andika saa uliyofunga, kwenye mkanda wenyewe au kwenye paji la uso la majeruhi. Kwa kawaida kiungo huvumilia saa 2. Zaidi ya hapo misuli na neva huanza kudhurika, na zikipita saa 6 turniketi haifunguliwi nje ya hospitali. Ule ushauri wa zamani wa kulegeza kila baada ya muda "ili mguu upumue" tupeni kabisa. Kila ukilegeza, majeruhi anapoteza damu nyingine ambayo huna ya kumrudishia.

Kuhusu kukatwa: John Kragh na wenzake walifuatilia majeruhi 232 katika hospitali ya kijeshi mjini Baghdad, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Hakuna kiungo hata kimoja kilichokatwa kwa sababu ya turniketi pekee. Waliofungwa kabla ya kuingia katika mshtuko wa kupungukiwa damu walipona kwa asilimia 90. Waliofungwa baada ya hapo, asilimia 10. Ndiyo maana mafunzo mengi ya sasa yanatanguliza damu inayomwagika kwa nje kabla hata ya njia ya hewa.

Swali: Nawasalimu. Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura. Tuna asidi ya traneksamiki kabatini lakini kila daktari ana msimamo wake: mmoja anaitoa kwa kila majeruhi, mwingine anasema itagandisha damu miguuni, wa tatu anasubiri majibu ya maabara. Naomba ufafanuzi kamili.

Jibu: Dada muuguzi, swali lako ndilo lililotuchukulia nafasi kubwa, na linastahili.

Dawa hii ya kupunguza kuvuja damu ni ya miaka mingi. Ilivumbuliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, na matokeo yao yalitangazwa mwaka 1962. Haigandishi damu. Mwili unapojenga donge la kuziba jeraha, huandaa pia kimeng'enya cha kulivunja, plasmini. Kwa majeruhi aliyeumia vibaya, uvunjaji huo unaweza kuanza mapema mno, donge linayeyuka wakati mshipa bado uko wazi. Traneksamiki inakaa kwenye sehemu ambayo plasminojeni, malighafi ya plasmini, huitumia kujishika kwenye fibrini, nyuzi za donge, na donge linadumu. Kwa hiyo hofu ya daktari wa pili ina mantiki, lakini imepimwa. Katika jaribio la CRASH-2, lililochapishwa mwaka 2010 likiwa na majeruhi 20,211 kutoka hospitali 274 za nchi 40, waliopata madonge hatari kwenye mishipa walikuwa asilimia 1.7 kwa waliopewa dawa na asilimia 2.0 kwa waliopewa dawa bandia. Vifo vya sababu zote vilikuwa asilimia 14.5 dhidi ya 16.0.

Anayesubiri maabara ndiye tunayempinga kwa nguvu. Watafiti walipoyachambua matokeo yale kwa saa, mwaka 2011, picha ilikuwa hivi: waliopewa dawa ndani ya saa 1 tangu kuumia, waliokufa kwa kuvuja damu walikuwa asilimia 5.3 dhidi ya 7.7 ya dawa bandia. Kati ya saa 1 na 3, asilimia 4.8 dhidi ya 6.1. Baada ya saa 3 mambo yaligeuka: asilimia 4.4 kwa waliopewa dawa, 3.1 kwa wasiopewa. Mwaka 2018 takwimu za wagonjwa 40,138, majeruhi pamoja na kina mama waliovuja damu baada ya kujifungua, ziliunganishwa, na ikaonekana kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida kwa takriban asilimia 10, hadi inapokwisha kabisa kwenye saa ya tatu.

Saa hizo zinahesabiwa tangu kuumia, si tangu kufika hospitali. Swali la kwanza kwa aliyemleta majeruhi liwe: "Ameumia saa ngapi?" Liandikwe jibu juu kabisa ya faili.

Kipimo cha mtu mzima ni gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. Vichupa vingi vina miligramu 500 katika mililita 5, hivyo gramu 1 ni vichupa viwili. Changanya kwenye mililita 100 za maji ya chumvi na uiendeshe kwa dakika 10. Ukiisukuma kwa kasi kwa sindano, presha inaweza kushuka ghafla, na kwa mtu aliyekwisha pungukiwa damu hilo ni pigo la pili. Usiipitishe kwenye mrija uleule wa damu, wala usiichanganye na penisilini. Watoto hupewa miligramu 15 kwa kilo, isizidi gramu 1, kisha miligramu 2 kwa kilo kwa saa.

Dozi ya pili husahaulika kuliko tunavyopenda kukiri. Majeruhi anahamishiwa thieta au wadi, dripu ya saa 8 inabaki mlango wa dharura. Ifunge kwenye kitanda kabla hajaondoka, na itajwe wakati wa kukabidhiana mgonjwa.

Kosa moja limeua watu: vichupa vya traneksamiki hufanana na vya bupivakaini, dawa ya ganzi ya uti wa mgongo. Ikichomwa mgongoni kwa makosa husababisha degedege kali na mara nyingi kifo. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2022. Usizipange dawa hizi rafu moja wala trei moja, na anayechoma asome lebo mwenyewe hata kama aliyemvutia dawa ni mwenzake wa miaka mingi.

Swali: Je, inafaa kwa aliyeumia kichwa? Na kwa anayetapika damu kutokana na vidonda vya tumbo?

Jibu: Kichwani, ndiyo, lakini kwa matumaini ya kiasi. CRASH-3 ya mwaka 2019 ilihusisha wagonjwa 12,737. Kati ya waliotibiwa ndani ya saa 3, waliokufa kwa jeraha la kichwa walikuwa asilimia 18.5 dhidi ya 19.8, tofauti ambayo peke yake ingeweza kuwa ya bahati. Nafuu ilionekana kwa wenye majeraha madogo na ya kati. Aliyefika akiwa hajitambui kabisa, mboni zote mbili hazijibu mwanga, hakupata faida ya kuonekana.

Tumboni, hapana. Katika jaribio la HALT-IT la mwaka 2020, wagonjwa 12,009, dawa haikupunguza vifo: karibu 4 kwa 100 pande zote mbili walikufa kwa kuvuja damu. Madonge kwenye vena yakaongezeka, asilimia 0.8 dhidi ya 0.4, na degedege pia. Wengi huanza kutokwa na damu ya tumbo muda mrefu kabla ya kufika, na wengi wana ini bovu. Dozi nayo ilikuwa kubwa zaidi, gramu 4 kwa jumla. Dawa ni ileile, ugonjwa ni mwingine.

Swali: Nimesikia inaweza kuchomwa msulini kama chanjo. Ni kweli?

Jibu: Utafiti wa Uingereza na Ufaransa wa mwaka 2021 uliwapima majeruhi 30 waliokwisha kupata dozi ya kwanza mshipani, wakachomwa gramu 1 msulini, mililita 5 sehemu mbili. Dawa ilifikia kiwango cha kufanya kazi katika damu ndani ya dakika 4 hadi 11, hata kwa waliokuwa katika mshtuko. Huo ni utafiti wa ufyonzaji, haukupima vifo. Kwa mahali ambapo mshipa haupatikani, ni habari njema.

Swali: Ndugu wahariri, kaka yangu aligongwa na gari. Presha yake ilikuwa chini sana, lakini daktari alimpa dripu kidogo tu akasema inatosha. Tulidhani anamtelekeza. Je, si ilipaswa kumjaza maji mpaka presha irudi?

Jibu: Pole sana kwa yaliyomkuta ndugu yako. Tulichosoma kwenye barua yako hakionyeshi kutelekezwa.

Kwa miaka mingi majeruhi alijazwa lita mbili za maji ya chumvi kabla ya lolote. Mwaka 1994, William Bickell na wenzake mjini Houston walichapisha jaribio la watu wazima 598 waliopigwa risasi au kuchomwa kisu kiwiliwilini. Waliocheleweshewa maji mpaka wafike thieta walipona kwa asilimia 70; waliojazwa mapema, asilimia 62. Donge changa ni kama kizibo kilichowekwa hivi punde: ukiongeza msukumo kwa ghafla, kinafyatuka. Tena maji ya chumvi hayabebi oksijeni, yanazimua protini za kugandisha damu, yanaupoza mwili, na kloridi yake nyingi, milimoli 154 kwa lita, inaongeza tindikali.

Kwa hiyo mpaka damu izibwe, lengo ni namba ya juu ya presha kati ya 80 na 90, majeruhi akijibu anapoitwa na mapigo ya kifundo cha mkono yakisikika. Maji yakitolewa, yanatolewa mililita 250 kwa mara moja, kisha anapimwa upya. Ubongo ukiwa umeumia, sheria hii haitumiki. Hapo presha ya chini inaua seli za ubongo, na namba ya juu isishuke chini ya 100 hadi 110 kutegemea umri. Ubongo ukiwa umeumia na tumbo linavuja kwa pamoja, daktari yuko kwenye njia panda ngumu, na linda ubongo ndiyo kauli inayoshinda.

Na tuseme hili kwa wote: presha nzuri isikulaze usingizi. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ya lita 5 hivi, na presha inaweza kusimama imara mpaka karibu asilimia 30 iwe imekwenda. Gawanya mapigo ya moyo kwa namba ya juu ya presha. Kwa mtu mzima mwenye afya jibu ni 0.5 hadi 0.7. Mapigo 120 na presha 100 ni 1.2, na hapo hakuna wa kusema "yuko sawa". Wazee wanaotumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo huwahadaa wapimaji, kwa kuwa mapigo yao hayapandi inavyotarajiwa.

Swali: Hospitali yetu ni ndogo, benki ya damu ina chembe nyekundu na mara nyingine plazma tu. Tunaongeza chupa nne, tano, na damu bado haigandi. Tunakosea wapi?

Jibu: Chembe nyekundu hubeba oksijeni, hazina kitu cha kugandisha. Ukitoa chupa tano zake peke yake, unazidi kumzimua majeruhi. Jaribio la PROPPR la mwaka 2015, watu 680 katika vituo 12 vya Amerika Kaskazini, lililinganisha plazma (maji ya damu yenye protini za kugandisha), chembe sahani (zinazosaidia kuziba jeraha) na chembe nyekundu kwa uwiano wa 1:1:1 na ule wa 1:1:2. Jumla ya vifo katika saa 24 haikutofautiana kwa uhakika, asilimia 12.7 na 17.0, lakini waliokufa kwa kuishiwa damu walikuwa asilimia 9.2 dhidi ya 14.6. Mkiwa na plazma, itoeni mapema, sambamba na chembe nyekundu, msisubiri chupa ya nne. Mkiwa na damu nzima iliyopimwa na kulinganishwa, ina kila kitu ndani ya mfuko mmoja.

Lakini tunashuku mambo mawili zaidi ambayo hayaonekani kwenye orodha ya benki ya damu.

La kwanza ni kalsiamu. Damu huhifadhiwa kwa saitreti, ambayo hunasa kalsiamu ili damu isigande mfukoni. Mkiitoa kwa kasi, saitreti inanasa kalsiamu ya mgonjwa pia, na ini lililopoa na kukosa damu halina uwezo wa kuisafisha. Bila kalsiamu damu haigandi na moyo unapiga kwa ulegevu. Mwongozo wa kijeshi wa Marekani unataka gramu 1 ya kloridi ya kalsiamu, ambayo ni mililita 10 za asilimia 10, au mililita 30 za glukonati ya asilimia 10, baada ya mfuko wa kwanza. Angalieni: mililita 10 za kloridi zina milimoli 6.8 za kalsiamu, na mililita 10 za glukonati zina 2.2 tu, kubadilisha moja kwa nyingine chupa kwa chupa ni kumpa mgonjwa theluthi ya dozi. Kloridi ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama, hivyo ipitishwe mshipa mkubwa. Na kalsiamu isipite kwenye mrija wenye damu, itagandia humo humo.

La pili ni baridi. Damu inatoka kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35, vimeng'enya vya kugandisha vinafanya kazi kwa uvivu, ilhali sampuli maabara inapashwa hadi 37 na majibu yanarudi mazuri. Ndiyo sababu mnaweza kuwa na karatasi isiyo na kasoro na mgonjwa anayechuruzika. Vueni nguo mbichi, mfunikeni mpaka kichwani, tumieni kifaa cha kupashia damu kilichoidhinishwa. Msichovye mfuko kwenye maji ya moto, chembe hupasuka.

Swali: Hivi vifaa na dawa mpya, kama puto la kuziba mshipa mkuu, si vingeokoa wengi kuliko bandeji?

Jibu: Ndivyo wengi walivyotarajia. Uingereza ililipima puto hilo, REBOA, kwa majeruhi 90, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023: vifo hadi siku 90 vilikuwa asilimia 54 kwa waliowekwa katika kundi la puto, 42 kwa huduma ya kawaida. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Sababu moja inayoaminika ni kwamba kuliweka kunachukua dakika ambazo zingempeleka majeruhi thieta. Mwaka huohuo jaribio la CRYOSTAT-2, majeruhi 1,604, halikuonyesha faida ya kuwapa wote kriopresipiteti, sehemu ya plazma yenye fibrinojeni nyingi, mapema bila kupima fibrinojeni, protini ya kugandisha damu: asilimia 25.3 walikufa, dhidi ya 26.1. Na PROCOAG ya Ufaransa, wagonjwa 324, ilitoa mkusanyiko wa protini za kugandisha. Damu iliyotumika haikupungua, madonge yakapanda kutoka asilimia 24 hadi 35. Fibrinojeni iliyopimwa ikawa chini ya gramu 1.5 kwa lita bado inahitaji kurudishwa. Kilichokataliwa ni kumwagia kila mtu.

Kifaa kimoja cha bei ndogo tunakitetea kwa moyo wote: mkanda wa nyonga. Aliyeanguka kutoka juu au kugongwa na gari, na analalamikia maumivu ya nyonga, afungwe shuka iliyokunjwa au mkanda maalumu usawa wa nundu za juu za mifupa ya mapaja, zile unazozigusa ubavuni chini ya kiuno. Wengi huufunga juu mno, kwenye kiuno au tumboni, na hapo mfupa uliofunguka unaweza kutanuka zaidi. Magoti na miguu vifungwe pamoja, vidole vikitazama juu. Nyonga isitikiswe wala kubonyezwa ili kujua kama imevunjika. Anayetafuta mlio wa mfupa anaweza kuling'oa donge lililokuwa likimshikilia mtu huyo hai.